Masega ya ekzosi: kutoa au kuacha?

Ukilalamika gari haina nguvu, gereji nyingi jibu la kwanza ni "toa masega", na mwenye gari anakubali bila hata kuuliza hayo masega kazi yake nini. Kwa wageni wa haya mambo tuanzie hapo.

Moshi ukitoka kwenye injini unapita manifodi (bomba la kwanza linalokusanya moshi wa silinda zote), unaingia kwenye katalitiki, lile dude lililovimba kwenye bomba chini ya gari (gari nyingi za sasa limepandishwa juu karibu kabisa na injini), ndo unaenda kwenye sailensa na kutokea nyuma. Ndani ya hilo dude kuna kauri yenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, ndo masega yenyewe, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu. Ikipata moto wa kama nyuzi 300 inaanza kazi: kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, inageuka kaboni dayoksaidi, mafuta ambayo hayakuungua yanamaliziwa humo, na oksaidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Marekani zilianza kufungwa kwa wingi kwenye gari za 1975. Huku kwetu zilipata maana hasa baada ya petroli yenye madini ya risasi kuondolewa mwishoni mwa 2005, maana hiyo risasi inayaua yale madini yaliyopakwa kwenye kauri.

Wanaosema toa wana hoja, tusiwabeze. Masega yakiziba kweli gari inakosa pumzi, mlima Kitonga unapanda na malori yanakupita. Mapya ya orijino bei yake wakati mwingine unapata injini used, na yale ya bei chee madini yake kiduchu hayakai. Yale yaliyo juu karibu na injini yakimeguka, vumbi lake linaweza kurudi kwenye silinda likala ringi za pistoni, hapo umepoteza injini nzima. Na masega yaliyoyeyuka hayasafishi kitu tena, kwa hiyo kumwambia mtu anachafua hewa kwa kutoa kitu kilichokufa zamani ni kumwonea tu.

Shida yangu ni kwamba mengi yanatolewa bila kupimwa. Kipimo chenyewe sio cha ajabu: fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, acha tundu wazi, zungusha gari kidogo. Itapiga kelele na taa ya injini itawaka, usijali. Nguvu ikirudi, masega yameziba, isiporudi basi tatizo liko kwingine, pampu ya mafuta, plagi, gia, huko huko.

Na hata yakiwa yameziba, hayajizibi yenyewe. Koili moja inayopeleka umeme kwenye plagi ikifa, petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya masega mpaka kauri inayeyuka. Injini inayokula oili nayo inayapaka masizi na majivu taratibu. Ukitoa masega ukaacha koili mbovu umeondoa kilichokuwa kinakuonyesha ugonjwa, gari itakimbia wiki mbili tatu mtu anasifia fundi.

Hii ya kwamba ukitoa gari inakula wese kidogo mimi siinunui. Mchanganyiko wa mafuta unapangwa kwa sensa ya mbele, masega mazima hayahusiki, utaona unafuu kama yalikuwa yameziba tu. Tena fundi akikata akaharibu hiyo sensa ya mbele ndo utajua hujui, control box (kompyuta ya injini) inaanza kumwaga mafuta. Sensa ya nyuma yenyewe, ile iliyo baada ya masega, kazi yake kubwa ni kuyakagua, ukitoa inawasha taa ya injini, ndo maana wanaisogeza nje kwa kanati ili idanganyike, na siku taa ikiwaka kwa jambo la maana ushaizoea.

Kuna na hela hapa. Mwaka 2021 rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi, na masega mabovu yananunuliwa kwa sababu ya hayo madini, hata yakiwa yamevunjika. Kwa hiyo fundi anayekutolea "bure" hajafanya bure. Kama umepima na kweli yamekufa, toa, ila dai uyachukue mwenyewe au mpatane bei yake kabisa kabla hajawasha grainda, na bomba jipya lichomelewe vizuri lisivuje chini ya sehemu mnayokaa, maana hiyo kaboni monoksaidi sasa hakuna kinachoipunguza njiani.