Mionzi Nayo Inataka Hewa

Ndugu wakisikia mgonjwa wa saratani ataanza mionzi Dar, wanauliza mashine inafanya kazi? Foleni ikoje? Atalala wapi? Maswali ya haki kabisa. Ila kuna moja silisikii: damu yake ikoje?

Mionzi hiyo, mara nyingi eksirei kali, ikipita kwenye seli huvunja molekuli za maji, na vile vipande vyake vikali ndivyo vinavyoijeruhi DNA, yale maelekezo ya kuendesha seli. Jeraha hilo seli inaweza kuliziba. Oksijeni ikiwepo palepale, hujishika kwenye jeraha na kulifanya gumu kuzibika. Ndiyo maana seli iliyokosa oksijeni inaweza kuhitaji dozi kubwa karibu mara tatu ndipo ife kama mwenzake.

Mwaka 1955, Uingereza, watafiti Thomlinson na Gray walichunguza vipande vya saratani ya mapafu. Waliona oksijeni haivuki hata sehemu ya tano ya milimita kutoka kwenye damu. Mbele ya hapo uvimbe umeoza. Lakini kati ya uhai na uozo kuna ukanda wa seli zinazokosa hewa na bado hazijafa. Hizo ndizo za kuogopwa. Dozi hugawanywa kwa wiki kadhaa kwa sababu hiyo pia: zilizo jirani na damu zikifa, za nyuma hupata hewa, nazo zinapigika.

Sasa mfikirie mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, aliyevuja damu miezi mitatu kabla ya kupata rufaa. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, na wenye damu ndogo kwa kawaida hupona kwa shida zaidi. Sisemi basi kila mtu aongezewe damu tu. Dawa ya kuchochea mwili utengeneze damu ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, na matokeo ya 2003 yalionyesha waliopewa wakifanya vibaya zaidi. Daktari apime, aamue. Kwa saratani hizo za kichwa na shingo, Denmark wao hutumia dawa ya nimorazoli, ndugu wa metronidazoli yetu ya tumbo, inayoshika nafasi ya oksijeni pale isipofika.

Na sigara! Moshi wake una kaboni monoksidi, ambayo hukalia kiti cha oksijeni ndani ya damu. Mjomba mwenye saratani ya koo anayejificha nyuma ya wodi kuvuta kimoja kabla ya kuitwa, ningemnyang'anya kiberiti kwanza, habari za nauli baadaye.