Orodha za Santuri Ndizo Zilizotuambia Kantri ni ya Nani

Nikitaja kwa wenzangu hapa Kenya kwamba napenda kusoma historia ya muziki wa kantri, wengi huuliza: kantri ina nini cha kusomwa? Kofia, farasi, mtu ameachwa na mkewe, basi. Wengine huniambia ule ni muziki wa Wazungu wa Kusini mwa Marekani, nasi Waafrika tunaupenda kama wageni tu. Kauli hii ya pili ndiyo inayonikera. Si kweli, na hatungejua kwamba si kweli lau si watu waliojifungia maktabani wakaandika orodha: santuri gani, ilirekodiwa mji gani, tarehe ngapi, nani alishika fidla, nani alishika gitaa.

Kazi hiyo haina sifa. Msomi wa nadharia ndiye anayealikwa kwenye makongamano, na mwenye orodha hutajwa kwenye tanbihi. Mimi nashikilia kwamba katika somo hili la kantri, wenye orodha ndio waliofanya kazi kubwa kuliko wote.

Tazama walivyoanza. John Edwards alikuwa kijana wa Australia ambaye hakuwahi kukanyaga Marekani. Alikusanya santuri za zamani za kantri kwa barua, akibadilishana na wakusanyaji wenzake ng'ambo, na kuandikiana na wanamuziki waliokuwa wamekwisha kusahaulika kwao. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1960, akiwa na miaka 28. Alikuwa ameacha wosia kwamba mkusanyo wake upelekwe Marekani ukatumike kwa utafiti. Marafiki zake wakauhifadhi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakaunda taasisi yenye jina lake mwaka 1962. Mwaka 1983 mkusanyo ulihamia Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, na mpaka leo ni sehemu ya makavazi ambayo mtafiti wa kantri hawezi kuyakwepa.

Mmoja wa waanzilishi wa taasisi ile, Archie Green, alikuwa fundi wa kuunda meli bandarini San Francisco na mtu wa chama cha wafanyakazi kabla ya kugeuka mkutubi na baadaye msomi. Makala yake ya mwaka 1965 kuhusu muziki uliokuwa ukiitwa "hillbilly", yaani wa washamba wa milimani, ilitoka katika jarida la wataalamu wa fasihi simulizi, wakati ambapo wengi wa wataalamu hao waliona santuri za madukani ni takataka zilizoharibu nyimbo halisi za vijijini. Miaka mitatu baadaye ikatoka Country Music, U.S.A. ya Bill C. Malone, kitabu kilichotokana na tasnifu yake ya udaktari. Malone alizaliwa Texas mashariki, katika familia ya wakulima wa pamba waliolima shamba la kukodi, na muziki huu aliusikia kwanza kwenye redio ya betri nyumbani kwao. Ninaheshimu sana jambo hili. Chuo kikuu hakikuja kuichunguza kantri kwa huruma. Watoto wa kantri wenyewe, pamoja na fundi mmoja wa meli na Mwaustralia mmoja, ndio walioibeba hadi mlangoni pa chuo kikuu.

Sasa nije kwenye rangi, maana hapo ndipo orodha zilipofanya kazi ambayo hadithi za jukwaani zisingeweza kuifanya.

Mwezi Juni 1923, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya OKeh alikwenda Atlanta, akamrekodi mpiga fidla aliyeitwa Fiddlin' John Carson. Peer aliona uimbaji wenyewe ni mbovu kupindukia. Lakini Polk Brockman, mfanyabiashara wa fanicha pale mjini (enzi hizo santuri ziliuzwa katika maduka ya fanicha, pamoja na gramafoni), aliagiza nakala 500. Ziliisha upesi, na makampuni yakajua kuna soko. Yakafanya kile wafanyabiashara hufanya: yakagawa katalogi. Tayari kulikuwa na santuri zilizotengwa kwa ajili ya wanunuzi Weusi, na sasa zikatengwa nyingine kwa ajili ya Wazungu wa mashambani. Nyimbo zilikuwa za wote. Fidla walipiga wote, na banjo asili yake ni Afrika Magharibi. Kilichopasuliwa vipande viwili ni katalogi, na baada ya miaka michache watu wakadhani muziki wenyewe ulizaliwa umepasuka.

Orodha haijui kudanganya namna hiyo. Fungua orodha kubwa ya santuri za kantri za kati ya 1921 na 1942 aliyoikusanya Mwingereza Tony Russell. Mwaka 1927, mjini Richmond, Indiana, kikundi cha Taylor's Kentucky Boys kinarekodi, na mpiga fidla ni Jim Booker, Mmarekani Mweusi kutoka Kentucky. Kwenye lebo palikuwa na jina la kikundi tu, kwa hiyo mnunuzi wa kijijini hakuwa na njia ya kujua. Mwaka 1930, Los Angeles, Jimmie Rodgers, yule wanayemwita baba wa kantri, anaimba mmoja wa nyimbo zake za kupandisha na kushusha sauti. Anayepuliza tarumbeta nyuma yake ni Louis Armstrong, na Lil Hardin yuko kwenye piano. Lebo ilikaa kimya kuhusu hilo pia. Mwanahistoria Patrick Huber aliwahesabu Wamarekani Weusi walioshiriki kwenye santuri hizo zilizouzwa kama za Wazungu kabla ya 1933, akapata karibu watu 50. Ni watu wenye majina, miji na tarehe zao, na mbishi hana pa kushika.

Anayeniuma zaidi ni DeFord Bailey. Alikuwa mpiga harmonika wa Tennessee, mjukuu wa mpiga fidla, mtu mfupi aliyeugua polio utotoni. Ratiba za kipindi cha redio cha Grand Ole Opry zinaonyesha kwamba mwaka 1928 alipiga katika vipindi 49 kati ya 52, na hakuna mwingine aliyemkaribia. Mwaka 1941 alifukuzwa. Akarudi kung'arisha viatu mjini Nashville, na kwa miaka mingi watu waliosimulia historia ya Opry walimtaja kama kichekesho cha pembeni, kama walimtaja kabisa. Aliyemrudisha ni David Morton, mfanyakazi wa idara ya nyumba za umma alikokuwa akiishi mzee yule. Walizoeana, akamsikiliza na kuandika, na wasifu alioutunga pamoja na Charles Wolfe ukatoka mwaka 1991, Bailey akiwa amefariki tangu 1982. Jumba la heshima la kantri lilimpokea mwaka 2005. Mtu aliyepiga wiki 49 kati ya 52 alingoja hadi karne nyingine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mjadala wa Weusi katika kantri umeletwa na Beyoncé mwaka 2024, au na Lil Nas X pale wimbo wake ulipoondolewa kwenye chati ya kantri ya Billboard mwaka 2019. Wanamuziki hao wamefanya vema kuupasha moto, lakini ushahidi ulikuwa rafuni zamani, ukingoja wasomaji.

Siwadharau wenye nadharia. Mwanasosholojia Richard Peterson alitufundisha jinsi "uasilia" wa kantri ulivyotengenezwa kama bidhaa nyingine yoyote. Chukua kikundi cha Dr. Humphrey Bate. Kilikuwa kikundi cha daktari aliyesoma, na katika picha za mwanzo wanamuziki wamevaa suti. Opry ikawapa jina la wawindaji wa wanyamapori, na picha za baadaye zikawaonyesha wamevaa ovaroli, wako shambani na mbwa. Ni uchambuzi mzuri sana. Ila hata Peterson alihitaji mtu aliyetunza picha zote mbili na kuandika tarehe nyuma yake.

Na sisi huku? Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akarekodi wasichana wakiimba kuhusu Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake ilikuwa imefika kule kwa gramafoni, na katika wimbo amegeuka kiumbe nusu mtu, nusu swala. Rekodi ile ilihifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha Tracey Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis. Tunajua kwamba wasikilizaji wa Bonde la Ufa waliipokea kantri wakaifanya yao kwa sababu tu mtu mmoja aliandika mahali, mwaka na majina.

Baada ya hapo, kimya. Jim Reeves, Skeeter Davis, Kenny Rogers na Dolly Parton wamesikilizwa katika nyumba za Wakenya kwa miongo, na tunaye Sir Elvis anayejaza kumbi kwa kantri, lakini orodha yetu iko wapi? Nani aliziingiza santuri zile, duka gani liliziuza, mtangazaji gani alizipiga saa ngapi, kadi za salamu zilitoka wilaya zipi? Nina santuri ya Jim Reeves iliyokuwa ya mjomba wangu. Jalada limeliwa na mende pembeni, lakini nyuma pana muhuri wa duka la Nakuru, na chini yake mjomba ameandika kwa kalamu ya wino mwezi aliponunua na bei. Kwa mtafiti, maneno yale mawili yana thamani kuliko kurasa kumi za kumbukumbu tamu.

Watangazaji wa vipindi vile wengine wangali hai, na santuri bado ziko chini ya vitanda vya wazee wetu. Basi ukiwa na moja, kabla hujaipiga picha ya kuweka mtandaoni, andika namba iliyo kwenye lebo, jina lililoandikwa juu ya jalada, duka lilikotoka na nani alikuwa akiisikiliza. Kisha mpigie mwenye nayo, umuulize mwaka.