Mkutano uitwe kabla ya ramani

Wengi wetu tulio Uingereza tukiongea na nyumbani tunasikia wazo lilelile: majengo ya kale ya Tabora na Ujiji yanaliwa na mchwa huku watu wakihangaika kutafuta vyumba, basi yageuzwe apatimenti kama Ulaya. Wazo si baya. Huku viwanda vya nguo, shule, makanisa na hata hospitali za zamani zimegeuka makazi. Tatizo ni kwamba kinachoigwa ni madirisha makubwa na bei ya kuuzia, wala si utaratibu.

England ina takriban majengo 400,000 yaliyoorodheshwa kisheria ili yalindwe, kwa madaraja matatu, na zaidi ya asilimia 90 yako daraja la chini kabisa. Hata hilo la chini lina meno. Mwenye jengo anahitaji kibali cha mipango miji na kingine cha jengo lililoorodheshwa. Hiki cha pili hakilipiwi ada, lakini ukihamisha ngazi ya ndani bila kuwa nacho umetenda jinai, na kifungo chake kinafika miaka 2. Maombi yakishapokelewa, halmashauri hubandika tangazo na majirani hupewa siku 21 za kutoa maoni.

Siku hizo 21 ndizo watu wa nyumbani huziita ushirikishwaji, na hapo ndipo wanapokosea. Ramani ikishafika hapo imeshakamilika, mchora ramani kalipwa, benki imeshaona hesabu. Mashauriano yenye maana hufanyika miezi kadhaa kabla, kwa michoro ya penseli iliyotundikwa ukumbini, na baadaye hutolewa ripoti inayoonyesha kila pingamizi na kilichobadilishwa kwa sababu yake. Pasipobadilika kitu, sababu huandikwa.

Huku si peponi. Mwekezaji huahidi nyumba kadhaa za bei nafuu, kisha hurudi na hesabu kwamba paa limegharimu kuliko alivyodhani, na idadi inapunguzwa. Wakazi wanakuwa wametumia mkutano mzima kubishania maegesho ya magari. Swali la nani atakaa humo na kwa kodi gani lingetangulia, wangekuwa na cha kushikilia.

Nyumbani kuna pengo jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo halilindwi mpaka Waziri alitangaze. Mwaka huo Wajerumani walikuwa hawajafika. Reli iliingia Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo chochote kilichojengwa pamoja nayo kinahitaji tangazo. Na nyumba ya udongo ya Ujiji, hata kama ilikuwapo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, nani ana karatasi ya kuthibitisha kwamba ilisimama kabla ya 1863? Basi swali la kwanza pale Idara ya Mambo ya Kale liwe hili: jengo hili lina ulinzi gani? Jibu lipatikane kwa maandishi kabla ya kumlipa mchora ramani.

La pili ni mirathi. Nyumba nyingi za zamani ni za familia, na warithi wako Dar, Bujumbura, Muscat. Sahihi ya mjomba mmoja haitoshi, hata kama ndiye anayekusanya kodi. Wapangaji nao waitwe peke yao, mwenye nyumba akiwa hayupo, maana hakuna mpangaji atakayesema paa linavuja mbele ya mtu anayeweza kumtoa kesho. Mama anayeuza vitumbua barazani hana mkataba wowote, lakini baraza likifungwa yeye ndiye wa kwanza kupoteza riziki. Katika hili nyumbani tunawazidi Waingereza: mkutano wa mtaa unamweka mwekezaji uso kwa uso na watu, wakati huku mengi yanaishia kwenye barua.

Sasa jengo lenyewe. Kinachoua miradi hii ni maji. Chukua flati 12, watu wanne kila moja, lita 80 kwa mtu: ni lita 3,840 kwa siku zinazoingia na karibu zote zinatoka. Tanki la lita 5,000 likijaa lina tani 5, na fundi atataka kulipandisha juu ya ukuta wa zamani kwa sababu ndio mrefu. Lijengewe mnara wake pembeni. Shimo la maji taka nalo likae mbali na msingi, vinginevyo ukuta wa udongo unalowa kuanzia chini.

Bomba la choo la inchi 4 linahitaji mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Likisafiri mita 6 limeshuka sentimita 15. Ndani ya sakafu ya mbao nafasi hiyo haipo bila kukata boriti, na boriti zikikatwa sakafu inalegea. Ndiyo maana vyoo hupangwa kimoja juu ya kingine, au hujengwa upande wa nyuma kama jengo dogo jipya. Hilo ndilo linaloamua idadi ya flati, kuliko hamu ya mwekezaji.

Lipu ni vita vingine. Fundi ataleta saruji kwa sababu inashika upesi. Ukuta wa udongo au tofali laini hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kwa nje. Ukiufunika kwa saruji, maji hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma, na lipu hubanduka vipande vizima. Unyevu uleule unamwita mchwa. Tumia chokaa iliyolowekwa shimoni angalau miezi 3, kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, tabaka lisizidi sentimita 1.2, na ifunikwe kwa magunia yenye maji ili isikauke haraka ikapasuka. Ni kazi ya polepole na mwekezaji atalalamika.

Tabora mvua ni Novemba hadi Aprili, kwa hiyo paa lifunguliwe Mei, si Septemba. Na msimu wa mvua unaotangulia usipotee bure: pigeni lipu ya majaribio, mita moja ya mraba ya chokaa na nyingine ya saruji, upande unaopigwa na mvua, mahali wapita njia wataziona. Aprili ikiisha, mkutano wa pili ufanyikie mbele ya ukuta huo.