Saratani ya umio: kupasua, au kumwezesha mgonjwa kumeza tu?

Mgonjwa wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huanza kwa kusukumia ugali kwa maji. Baadaye anahamia kwenye uji, mpaka siku uji nao unagoma. Wengi hufika hospitali wakati huo, uvimbe ukiwa umeshasambaa, na kisu hakina tena cha kuwafanyia.

Kwa hao, hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imezoea kuweka stenti, yaani mrija wa wavu wa chuma unaojitanua ndani ya umio. Baada ya muda mfupi mgonjwa anameza tena. Saratani inabaki palepale, na muda uliobaki wa mgonjwa kwa kawaida ni wa miezi tu, lakini miezi hiyo anakula badala ya kufa njaa. Sioni haja ya kuiita tiba duni.

Hatari ni kuizoea mno hata tukawasahau wachache wanaowahi. Utafiti wa CROSS wa Uholanzi, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwamba nusu ya waliopewa kemo (dawa za kuua seli za saratani) na mionzi kabla ya upasuaji waliishi zaidi ya miezi 49. Kwa waliopasuliwa tu ilikuwa 24. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa aina ya saratani inayotawala Afrika Mashariki.

Gharama ya upasuaji inaonekana mezani. Umio ukiondolewa, tumbo hufanywa bomba na kuvutwa kifuani. Mtu anashiba kwa vijiko vichache, hula mara 5 au 6 kwa siku, hulala kichwa kikiwa juu ili tindikali isimpandie, na chai yenye sukari nyingi yaweza kumtoa jasho na kumpeleka moyo mbio.

Waholanzi haohao, katika utafiti wa SANO, waliwaacha bila kuwapasua wale ambao uvimbe haukuonekana tena baada ya kemo na mionzi, wakawafuatilia kwa karibu. Baada ya miaka 2, uhai wao haukuwa nyuma ya wa waliopasuliwa. Hoja nzuri, ila kufuatilia maana yake ni kuingizwa kamera kwenye umio na kukatwa vinyama vya kupimwa maabara kila baada ya miezi michache. Aliyeuza ng'ombe apate nauli na kipimo cha kwanza atauza nini mara ya nne? Kwake, ikiwa kuna chumba cha wagonjwa mahututi na mikono iliyozoea kazi hiyo, ningeegemea kisu, mradi kabla hajatia sahihi yeye na anayempikia wameambiwa sahani yake itakavyokuwa.