Imeshatoka, Mzee?

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Kidawa kuchukua chapati mbili. Nimesimama zangu kwa utulivu, nasubiri chenji, mara yule kijana wa chipsi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hata jina langu halijui, akapaza sauti juu ya karai lake la mafuta: "Mzee wa hadiwea! Ile bastola imeshatoka?"

Watu kumi na mmoja waligeuka. Niliwahesabu. Bodaboda mmoja aliyekuwa anakunywa supu akasogeza benchi kunipisha, na mimi wala sikuwa napita.

Jamani. Bastola ya raia wa kawaida ni ya kukaa chini ya shati. Kazi yake yote ni mtu asijue. Mwizi akikutazama aone mzee mwenye kitambi na mfuko wa nyanya, basi. Sasa mimi hata kuigusa sijaigusa, ipo huko Morogoro kwa Mzinga, lile shirika la jeshi la silaha, kama ipo, lakini muuza chipsi anaijua. Tena anaijua kunishinda, maana ndiye aliyeniambia kwamba faili langu la kuomba kibali limekwama wilayani. Mimi nilikuwa sina habari.

Kwa nini naitaka sitaeleza. Nyie mnaofunga duka saa moja jioni na mauzo ya siku yamo kwenye mfuko wa rambo mnajua. Tangu wale vijana wa mapanga, Panya Road, wa mwaka 2022, nikisikia pikipiki ya watu wawili inapunguza mwendo nyuma yangu, dua zote nilizofundishwa chuoni zinarudi kwa mpangilio. Wakala wa pale kona walimchukulia pesa, simu ya kazi, na ndizi aliyokuwa anaimenya.

Nikasema mimi ni mtu wa heshima, nitafuata sheria. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2015, ile iliyokuja kuifuta ya 1991, na wala sina ugomvi nayo. Uwe na akili timamu, usiwe mlevi, ujue kuitumia, uwe na pa kuitunza. Sawasawa kabisa. Bunduki isigawiwe kama peremende. Ugomvi wangu ni kwamba karatasi inaanzia mtaani ndipo ipande kata, wilaya, mkoa, na mtaani ndiko hasa nilikotaka wasijue.

Barua niliiandika mwenyewe, usiku, mlango nimeufunga. Juu nikaandika SIRI kwa kalamu nyekundu nikapigia mistari miwili. Mwenyekiti wetu siku hizi anakaa chini ya mwembe kwa sababu paa la ofisi linavuja, na mwembe ule ndio wa wacheza bao. Akaipokea kwa taadhima, akapapasa mfuko wa shati, miwani hana. Akamwita mjukuu wake wa darasa la tatu. "Njoo umsomee babu."

"Yah," mtoto akaanza, kwa sauti ile ya kusomea risala mbele ya mgeni rasmi. "Ma-o-mbi ya ku-mi-li-ki ba... ba... Babu, hii nini?"

"Bastola," akajibu mzee mmoja pale kwenye bao, kete mkononi, bila hata kuinua kichwa.

Bao likasimama. Nimekaa mtaa huu miaka ishirini na miwili, sijapata kuona bao likisimama, hata siku nyumba ya kina Abasi inaungua walihama nalo wakaendelea kuchezea barazani.

Vingine navipita. Kamati ya mtaa ilinipitisha baada ya soda. Picha ndogo nimepiga mara tatu: ya kwanza nyuma nyeupe, wanataka bluu, ya pili bluu, nimetabasamu, ya tatu sikutabasamu, na yule bwana wa studio akasema, mzee, hapa umetoka kama wewe ndiye unayetafutwa. Alama za vidole ndiyo usiseme. Miaka yote hii ya kushika saruji, ncha za vidole vyangu zimekuwa kama mgongo wa kijiko. Askari akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena, mwisho akaniuliza kama nina ndugu anayefanana nami.

Lakini kamati ya ulinzi na usalama ya kata, hiyo lazima niisimulie.

Kikao saa tatu. Kikaanza saa sita na robo. Wajumbe saba na askari mmoja, feni moja ambayo ikifika upande wa mwombaji inageuka kurudi kwa mwenyekiti. Nimevaa suti ya harusi ya Neema, nimeketi wima. Naona mkononi mwa mwenyekiti kuna bangili ya kijani na njano, rangi za Yanga. Moyo ukashuka. Mimi ni Simba tangu tumboni.

"Ndugu mwombaji, una hasira?"

"Sina, mheshimiwa."

"Hata kidogo?"

"Hizi za kawaida za binadamu."

Akaandika. Nikachungulia. Ameandika: *Anazo*.

Mama mmoja wa kikoba akanyoosha mkono. "Samahani mwenyekiti. Huyu si ndiye aliyerusha kandambili kwenye televisheni pale kwa Mangi?"

Nyie, huu mtaa haufi na jambo. Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, Simba na Yanga, na kila Mtanzania anajua tarehe hiyo wengine walikuwa wanacheka na wengine tulikuwa tunateseka. Nikafafanua kwamba kandambili haikurushwa, iliteleza.

"Iliteleza kwenda juu?"

"Iliteleza hivyo hivyo, mheshimiwa."

"Wakati wa goli la ngapi?" Anauliza huku anajua! Anataka nitamke mimi.

"La tano."

"Katibu, liingie kwenye muhtasari. La tano. Na hiyo kandambili ilitua wapi?"

"Kwa Mangi. Hapa, kwenye sikio."

"Ulimlenga Mangi?"

"Sikumlenga Mangi. Niliilenga... sikulenga kitu, mheshimiwa."

Askari, ambaye tangu asubuhi alikuwa anachokonoa meno, akasema taratibu: "Basi hasira si tatizo. Tatizo ni shabaha."

Nilidhani tumemaliza. Wapi. Mzee mmoja mwenye barakashia akataka kujua nitaibeba wapi mwilini, maana mwili wenyewe anauona. Nikasema kiunoni. "Kiuno kipo wapi hapo?" Wakacheka wote, na katibu naye, badala ya kuandika. Mwenyekiti akainua stepla kutoka mezani, ile ya zamani, ya chuma kitupu, nzito kama tofali, ubavuni imepakwa rangi nyeupe MALI YA OFISI. "Tuchukulie hii ndiyo silaha. Simama utuonyeshe."

Nikasimama. Nikafungua kifungo cha koti kama waziri. Nikavuta tumbo ndani, nikachomeka stepla, nikaachia tumbo. Ikashikwa.

"Haya, jambazi huyo ameingia. Toa!"

Nikavuta. Imeng'ang'ania shati la ndani. Nikavuta huku nazunguka, shati linapanda, suti ya harusi inalia mshono kwa mshono. Ilipotoka, askari alikuwa ameshika simu. "Sekunde kumi na tisa."

"Jambazi ameshafika Chalinze," akasema mwenye barakashia.

"Rudia."

Nikarudia kwa haraka, kidole kikabonyeza, pini ikatoka ikanipata kwenye nyama ya ubavu. Nikasema neno ambalo hata Mama Neema hajawahi kulisikia kinywani mwangu.

"Umejipiga?"

"Kidogo tu."

"Katibu, andika: amejipiga."

Nikaichomeka mara ya tatu, maana mwanaume hakati tamaa, na kabla hawajaniambia nitoe, mlango ukafunguliwa, anaitwa mke wa mwombaji. Mama Neema akaingia na khanga yake ya kuendea misibani. Nikaketi.

"Mama, nyumbani kuna amani?"

"Ipo."

"Anakunywa?"

"Chai."

"Amewahi kukutishia?"

Mwanamke akafikiri. Akaangalia dari. Miaka thelathini ya ndoa, na anafikiri! Jasho likaanza kunitoka mpaka kwenye soksi.

"Siku ile rimoti ilipopotea alisema leo humu ndani atakufa mtu."

"Nilikuwa natania!"

"Mwombaji, subiri zamu yako. Mama, ilipatikana wapi?"

"Alikuwa ameikalia."

Katibu anaandika kurasa ya tatu. Mwenyekiti akavua miwani, akauliza kwa upole kabisa, je, mama unaridhia mumeo awe na silaha? Na yeye akajibu, mbele ya kamati nzima ya ulinzi na usalama: "Naridhia. Ila risasi nitunze mimi."

Walipiga makofi. Kikao cha usalama kinapiga makofi! Mama wa kikoba alisimama. Na hivyo ndivyo barua ilivyoandikwa kwenda wilayani: mwombaji anapendekezwa, risasi ziwe chini ya uangalizi wa familia. Sasa hebu nifikirieni saa nane za usiku, watu wanavunja mlango wa uani, mimi nimepiga magoti kando ya kitanda, Mama Neema, Mama Neema, naomba mbili. Namjua huyu. Ataniuliza za nini. Halafu ataniuliza zile za jana ziko wapi.

Kinachonichosha hasa ni msamaha. Miaka hii ikifika Septemba mpaka mwisho wa Oktoba wanatangaza: mwenye silaha asiyoimiliki kihalali aisalimishe kituoni au ofisi ya serikali ya mtaa, hashitakiwi. Najua wanachotaka, wanataka zitoke uvunguni, na ni jambo jema. Lakini inauma! Mtu ana bunduki tayari, anaingia nayo, anaiweka mezani, anaaga, anakwenda kula ugali wake. Mimi sina hata filimbi, nimeulizwa kijiji alichozaliwa bibi mzaa mama. Mwaka 2016 walipofanya uhakiki wa silaha, babu mmoja jirani yetu alilibeba gobore la marehemu baba yake ndani ya mkeka, akapanda nalo daladala, na konda hakushtuka, alimdai tu nauli ya mzigo.

Halafu kuna suala la sefu. Nilionyeshwa kwamba sanduku la bati lenye vitenge si mahali pa kutunzia silaha, nami nakubali. Nikanunua sefu la mtumba. Nikawaambia vijana waje nalo usiku. Wakaja saa saba mchana, wanne, kwa mkokoteni, wanaimba. Kwa hiyo sasa mtaa unajua nitakuwa na bastola, na unaamini nina hela za kujaza sefu. Zamani mwizi alikuwa na sababu moja ya kuja kwangu.

Sikatai, kuna nafuu ndogo ndogo. Yule bwana wa mabati, anadaiwa tangu 2019, kaja wiki iliyopita, kasimama mbali, kaziweka noti juu ya mfuko wa saruji, karudi kinyumenyume. Jirani kamhamisha jogoo. Ila shemeji naye ameshaniweka kwenye kamati ya send-off ya mwanawe, nafasi ya ulinzi wa michango. Nikamwambia bado haijatoka. Akasema si lazima itoke, wewe kaa tu pale na koti.

Ah, na stepla.

Siku ile ya kikao, usiku, navua suruali, kitu kikaanguka sakafuni *kwaa*. Mama Neema akaruka kitandani. MALI YA OFISI. Nimeketi nayo, nimesimama nayo, nimewapa mkono wajumbe saba na askari, nimepanda bajaji nayo hadi nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyeona. Na muhtasari wao unasema mwombaji hawezi kuficha!

Nifanyeje sasa? Nikiirudisha, ni wizi wa mali ya umma na faili limekufa. Nikikaa nayo, wiki ya tatu hii nasikia mhudumu wa pale anasumbuliwa, na mtoto wa watu hana kosa. Nilifikiri nimpe muuza chipsi aipeleke, lakini si atatangaza.

Na niseme ukweli, ni stepla nzuri. Chuma cha enzi hizo. Inashika karatasi arobaini kwa mkupuo. Ile yangu ya dukani niliinunua Kariakoo, ukiweka karatasi nne pini inajikunja inalala kama mtu aliyesusa. Siku hizi hakuna kitu kinachotengenezwa kwa nia. Hata misumari, nawaambia mimi ninayeiuza, ukiipiga ya inchi tatu kwenye mninga inakugeukia inakutazama. Fundi anakuja kunilaumu mimi, kana kwamba nina tanuru uani, na kilo ya misumari imepanda tena wiki hii, ukimwambia bei anakuangalia kiunoni kwanza ndipo anaanza kubishana.

Ngojeni, kuna mteja. Anataka misumari miwili. Miwili! Na anaomba nimkopeshe.