Magazini ya Risasi 10: Lebo ya Muuzaji Haikukingi

Kuna maneno yanayoniudhi kila ninapoyaona kwenye matangazo ya vifaa vya bunduki huku Marekani: “Halali katika majimbo yote 50.” Yanabandikwa kwenye magazini ya risasi 10 (kile kisanduku kinachobeba risasi na kuchomekwa kwenye bunduki), mtu anainunua akiwa na amani moyoni, anaipeleka nyumbani kwake Brooklyn, jijini New York, na kuanzia hapo anavunja sheria. Jimbo la New York linaruhusu risasi 10. Jiji la New York, kwa bunduki ndefu, linaishia 5. Magazini ileile iliyo halali kwa sheria ya jimbo ni kosa Brooklyn na Bronx, na aliyeandika lebo hiyo hatasimama nawe mbele ya hakimu.

Tukiulizana sisi wahamiaji wenye bunduki magazini inaruhusiwa risasi ngapi, jibu huwa namba moja: kumi. Namba hiyo ni ya kuanzia tu. California, New York, New Jersey, Connecticut, Massachusetts, Maryland, Rhode Island na Washington zinasimama kwenye 10. Colorado ni 15, Delaware ni 17. Illinois na Vermont zina namba mbili, 10 kwa bunduki ndefu na 15 kwa bastola, na hapo ndipo wenye karabini (bunduki ndefu yenye mtutu mfupi kidogo) wanapoteleza. Karabini ya Ruger PC Carbine inaweza kufungwa kifaa cha kupokea magazini za bastola ya Glock. Ile ya risasi 15 ikikaa kwenye bastola haina neno. Ukiichomeka kwenye karabini, sasa una bunduki ndefu yenye magazini ya 15. Nunua za 10 kwa ajili ya karabini, zipake alama ya rangi, zisichanganyike na za bastola kwenye mfuko mmoja. Hawaii nayo inabana magazini za bastola, lakini inahesabu pia magazini yoyote inayoweza kutumika kwenye bastola, kwa hiyo hata za bunduki ndefu ya AR-15 hazijasalimika kama zinaingia kwenye bastola.

Halafu kuna kununua na kuna kumiliki. Maryland na Washington zimekataza biashara. Uliyokuwa nayo kihalali kabla ya katazo hujakatazwa kuwa nayo. New Jersey imekataza hata kuwa nayo ndani ya kabati, tangu sheria ya 2018 iliposhusha kikomo kutoka 15 hadi 10, na kifungo kinaweza kufika miezi 18. California ilizuia kuuza na kuingiza tangu Januari 1, 2000, wapigakura wakaongeza katazo la kumiliki mwaka 2016, kesi ya Duncan ya kupinga makatazo hayo ikaanza, na kwa wiki moja tu, kati ya Machi 29 na Aprili 5, 2019, milango ilifunguka kwa amri ya mahakama watu wakaagiza kwa wingi. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Tisa ililiunga mkono katazo. Aliyenunua ndani ya wiki ile aitunze risiti yenye tarehe kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa.

Idara ya Sheria ya California inachapisha orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, modeli kwa modeli. Inachapisha pia orodha ya kufuli na vifaa vya usalama vilivyokaguliwa. Massachusetts ina orodha yake ya silaha zilizoidhinishwa. Kwa hiyo ujuzi wa kutengeneza orodha wanao, wafanyakazi wanao, tovuti wanazo. Lakini kwa kifaa hiki kidogo cha plastiki na springi, ambacho kinaweza kumfunga mtu, hakuna orodha. Mnunuzi anaachiwa maneno ya sheria: magazini iliyobadilishwa “kwa kudumu” isipokee zaidi ya risasi 10. Kudumu ni nini? Ribiti moja? Gundi ya epoksi? Kuchomelea? Kifungu hakisemi. New York nayo inatumia kipimo cha magazini inayoweza “kurudishwa kwa urahisi” kupokea zaidi. Urahisi wa nani: wa fundi mwenye dirili na jiliwa, au wa mtu aliyekaa mezani na bisibisi? Jibu analitoa mwendesha mashtaka, na analitoa baada ya mtu kukamatwa.

Wala si kweli kwamba haiwezekani kufafanua. Colorado ilipopitisha sheria yake mwaka 2013, watu waliogopa kwamba kila magazini yenye kifuniko cha chini kinachotoka ingehesabiwa kuwa inaongezeka, maana karibu zote zina kifuniko cha namna hiyo ili zisafishwe. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ikatoa mwongozo uleule mwaka: kifuniko kutoka, peke yake, hakuifanyi magazini kuwa haramu. Jambo likaeleweka. Jimbo linalotaka raia watii linaweza kuandika vivyo hivyo, na kila jimbo lenye kikomo lilipaswa kufanya hivyo siku sheria ilipoanza kazi. Mhamiaji anayesoma Kiingereza cha sheria kwa shida anastahili kujua kabla ya kulipa pesa kama kitu alichokishika ni halali. Hilo si upendeleo, ni haki ya kila anayetakiwa kutii.

Nakubali, ingawa kwa uzito, kwamba vikomo hivi havikutoka hewani. Muuaji wa shule ya Sandy Hook huko Connecticut, Desemba 2012, alitumia magazini za risasi 30, na jimbo hilo likabadilisha sheria miezi minne baadaye. Anayetaka kubishana kuhusu kikomo chenyewe abishane. Mimi naongelea mtu ambaye ameshakubali kutii.

Kwa mtu huyo, kama bunduki ni AR-15, nunua magazini ambayo mwili wake wenyewe ni mfupi, kama PMAG 10 ya Magpul. Hakuna cha kubishaniwa pale: haina nafasi ya risasi ya ziada, na unaweza kuifungua, kuifuta vumbi, kubadilisha springi. Ubaya wake ni ufupi. Mwenye glovu za baridi ataisumbukia kuichomoa. Zile zinazoitwa 10/30, zenye mwili wa risasi 30 na kizuizi ndani, zinapendeza mkononi lakini zina mashaka mawili. La kwanza ni sheria: kama kifuniko cha chini kinateleza kwa kidole na kizuizi kinatoka nacho, usiinunue hata kama muuzaji anaapa. La pili ni usafi: ikiwa imefungwa kweli kwa ribiti na epoksi, mchanga ukiingia hautoki, na springi itashika kutu bila wewe kuiona.

Ikifika, ijaribu kwa risasi bandia za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki. Ingiza 10, kisha sukuma ya 11 kwa dole gumba. Ikikaa chini ya midomo ya magazini, una magazini ya risasi 11, hata kama imepigwa chapa ya 10. Husababishwa na springi laini, au kile kipande kinachosukuma risasi juu kuwa kifupi, au kizuizi kilichokatwa vibaya. Irudishe upesi. Kasoro ya upande wa pili ni ile ambayo zikiingia 10 hakuna hata chembe ya nafasi iliyobaki: haitajishika kwenye bunduki wakati bolti (chuma kinachoziba chemba) imefungwa, nawe utadhani imeshika mpaka ianguke. Weka 9, au irudishe bolti nyuma kwanza, kisha vuta magazini kuhakikisha.

Kaliba, yaani aina ya risasi kwa unene wake, nayo inadanganya. Magazini za .223, risasi ya kawaida ya AR-15, zinapokea .300 Blackout kwa idadi ileile, na risasi ya .300 ikiingia kwenye bunduki ya .223 inaweza kuipasua. Tenganisha kwa rangi. Kwa upande mwingine, magazini iliyoandikwa 10 kwa risasi nene kama .50 Beowulf inabeba .223 nyingi kuliko 10. Usijikinge kwa maandishi hayo kwenye jimbo la kikomo, maana kinachohesabiwa ni kinachoingia.

Wenye bunduki za bolti, zinazokokwa kwa mkono kila risasi, wana raha kuliko wote: mtindo wa magazini uitwao AICS una za 5 na za 10, na Lee-Enfield, ile ile waliyoibeba askari wa King's African Rifles, ilizaliwa na 10. Kwa Ruger 10/22, BX-1 ya mviringo ni ya 10, BX-25, ya 25, iache. California imesamehe magazini za mrija za kaliba .22 na mirija ya bunduki zinazokokwa kwa wenzo, ila magazini ya boksi ya .22 haimo kwenye msamaha huo.

Mwindaji ahesabu upya. New York na Colorado zinataka bunduki inayojipakia yenyewe, wakati wa kuwinda, isizidi risasi 6 ukijumlisha iliyo chemba (New York inasamehe .22, na sharti la Colorado ni la kuwinda wanyama wakubwa). Nunua ya 5 na jambo limekwisha.

Usidhani pia kwamba magazini halali inahalalisha bunduki. Tangu Januari 1, 2017, AR-15 ya California inayouzwa lazima ama iwe na magazini isiyotoka bila kufungua mtambo, ama ivuliwe vitu kama mshikio wa bastola na kitako kinachorefuka. Hiyo ni sheria nyingine kabisa.

Kabla ya yote, angalia hadhi yako ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, kwa kawaida, haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya kuwinda. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, lakini fomu ya uraia, N-400, itamuuliza kama amewahi kukamatwa.

Wanaohamia jimbo jingine ndio ninaowahofia zaidi. Pennsylvania haina kikomo. Vuka daraja la Ben Franklin kutoka Philadelphia uingie Camden, uko New Jersey na kikomo cha 10. Sheria ya shirikisho ya kusafirisha bunduki inataja bunduki na risasi, haitaji magazini, kwa hiyo usiitegemee. Kuagiza kwa anwani ya rafiki Nevada kisha kuendesha nayo hadi California ni kosa la kuingiza. Zenye uwezo mkubwa ziuze kwa duka lenye leseni, au muachie ndugu anayeruhusiwa katika jimbo unalotoka, chukua risiti, na ufanye hivyo kabla lori la kuhamia halijapakiwa.