Mapangaboi mawili ya helikopta kwenye mhimili mmoja: tunanunua nini?

Fundi ambaye drili yake imewahi kukwama ukutani anaijua kanuni hii kwa kiwiko: ncha ikigoma kuzunguka, drili yenyewe ndiyo huzunguka, tena kwa upande wa pili. Helikopta nayo ni hivyo hivyo. Pangaboi likienda huku, kiwiliwili kinataka kwenda kule. Kwa kawaida hushikiliwa na kipangaboi cha mkiani, kinachokula nguvu ya injini bila kubeba hata kilo moja. Kamov, kampuni ya helikopta ya Urusi, iliweka mapangaboi mawili kwenye mhimili mmoja, yakizunguka kinyume, mkia ukafupishwa.

Wanaoupenda mtindo huu husema nguvu yote sasa inanyanyua. Hapo wanatia chumvi. Pangaboi la chini linakula makombo: hewa inayolifikia imekwisha kusukumwa na la juu, na kuisukuma tena kuna gharama. Wapinzani nao husahau jambo. Tazama maji yanavyotoka bombani: mkondo hukonda kadiri unavyoshuka. Hewa ya pangaboi la juu hukonda vilevile, kwa hiyo ncha za mabapa (mbawa za pangaboi) ya chini hupata hewa mbichi. Hasara ipo, ila si ya kutisha.

Kwenye kasi mambo ni magumu zaidi. Helikopta ya kawaida ikikimbia, bapa linalorudi nyuma hupungukiwa na upepo, upande mmoja ukalegea. Mapangaboi yakiwa mawili, kila upande una bapa linalokwenda mbele. Kwa mbinu hiyo, pamoja na rafadha ya kusukuma kwa nyuma, Sikorsky X2, helikopta ya majaribio ya Marekani, ilivuka kilomita 460 kwa saa mwaka 2010. Bei yake ni mabapa magumu, mtetemo, na vyuma tele juu ya mhimili vinavyozuia upepo.

Mabapa yakiwa laini, je? Juni 1998, huko Torzhok, Urusi, mabapa ya Ka-50, helikopta ya kivita ya Kamov, yaligongana angani na rubani wake, Jenerali Boris Vorobyov, akafariki. Siukatai mtindo kwa ajili hiyo, ila wanaousifu kwa wepesi wa kugeuka nawasikiliza kwa sikio moja.

Mimi naona kinachonunuliwa hasa ni nafasi. Ka-27, helikopta ya Kamov ya jeshi la majini, hutua kwenye sitaha finyu ya meli ya kivita bila mkia mrefu wa kuhofia. Ingenuity, helikopta ndogo ya NASA yenye kilo 1.8, ilikwenda sayari ya Mirihi ikiwa imekunjwa chini ya tumbo la gari la Perseverance. Hewa ya huko uzito wake ni kama asilimia 1 ya yetu, mapangaboi yake yalikuwa na kipenyo cha mita 1.2, na bado iliruka mara 72. Mkia usingepata pa kukaa.